Upinde wa Maua Yanayochungulia

Hapo zamani, asubuhi ya Alhamisi moja, chai ikiwa bado haijachemka, wasichana wawili walikuwa wameshikana maneno ndani ya banda la maua.

"Umeyalaza!"

"Nimeyapumzisha."

"Maua hayapumzishwi, Staajabu! Uliambiwa: yasimamishe kwenye ndoo. Maneno matatu. Ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na viwili vingebaki."

"Basi nilisahau! Ngoma ya bibi arusi ilikuwa inapita hapo nje. Ulitaka nifanye nini, nizibe masikio? Lakini na wewe usijifanye malaika, Siwema. Jana jua likizama uliingia humu. Nilikuona unatoka na kamba mkononi. Uliyaona yamelala. Mbona hukuyasimamisha?"

Siwema aligeuka, akaanza kuzipanga ndoo upya.

"Nilikuwa na haraka," alisema.

"Haraka ya kwenda wapi?"

"Haraka ni haraka!"

Mbele yao, juu ya benchi, yalikuwepo mashina arobaini ya gladiola, maua yote ya bustani nzima. Jana yalikuwa yamenyooka kama mikuki. Leo kila shina lilikuwa limelala na ncha yake imepinda kuelekea juu, kama shingo ya jogoo anayetaka kuwika. Mashina arobaini, shingo arobaini. Na harusi ilikuwa kesho.

Sasa sikilizeni, mjue ugomvi huu ulikuwa wa nini.

Kizangaze ulikuwa mji wa mlimani, mahali ambapo ukungu uliingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Bibi arusi hakutoka kwao mpaka apite chini ya upinde wa maua. Na upinde wenyewe haukuwa wa maua ya kuchomekachomeka. Ulikuwa wa mashina marefu, mabichi, yaliyopindwa kwa mkono mpaka yakakubali, bila kukatika na bila kuchanika. Asubuhi ya harusi, shangazi wa bibi arusi alipitisha kidole gumba kwenye kila shina. Akikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, harusi ilisimama siku hiyo. Bibi arusi alivua viatu, bwana arusi alirudi kwao na kanzu yake, na pilau ililiwa na majirani, ambao mara nyingi hawakusikitika sana.

Mpambaji wa mji alikuwa mmoja, Bi Mwanakheri. Kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyepinda mashina ya Kizangaze. Alikuwa na kisu kifupi chenye mpini wa mti wa mpingo, na mwenye kisu kile ndiye mwenye banda, mwenye bustani ya kando ya kijito, na ndiye anayeitwa panapokuwa na harusi. Mtu mmoja tu. Zamani zaidi, kisu kiliwahi kupewa ndugu wawili washirikiane. Siku ya harusi kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kufunga upinde. Bibi arusi wa watu akatoka kwao kwa kupita chini ya kamba ya kuanikia nguo, na soksi za baba yake zikiwa bado zinaning'inia. Tangu siku ile watu wa Kizangaze wakasema, kisu kimoja, mtu mmoja, hatutaki tena mambo ya soksi.

Vidole vya Bi Mwanakheri sasa vilikuwa vimekakamaa. Binti yake, aliyeolewa huko bondeni, alikuwa amejifungua mapacha, akamwita mama yake aje akae naye. Bi Mwanakheri akawaita wanafunzi wake watatu, akawaambia, "Harusi ya Mwanaamani ni Ijumaa. Jumamosi mimi naondoka. Atakayestahili katika harusi hii, nitamwachia kisu. Wengine mtatafuta pa kwenda, kwa sababu banda hili halina chakula cha watu watatu."

Wa kwanza kati ya wale watatu alikuwa Staajabu, msichana wa miaka kumi na minane, mwenye kicheko kilichosikika mpaka ng'ambo ya kijito. Alikuwa amefukuzwa kwa wafinyanzi kwa sababu alikalia chungu kibichi. Alikuwa amefukuzwa kwa wasusi wa mikeka kwa sababu alisuka mkeka mrefu usio na mwisho, akiongea. Bi Mwanakheri peke yake ndiye ambaye hakuwa amemfukuza.

Wa pili alikuwa Hoza, mwanafunzi mwenye mvi. Alikuwa amefuga nyuki miaka thelathini, ndipo akaja kwa Bi Mwanakheri kujifunza upya. "Miaka yote hiyo," alipenda kusema, "nyuki wameshika maua, mimi nimeshika miiba. Nami nataka zamu yangu." Wasichana walimwita Baba Hoza, ingawa alikuwa anafundishwa pamoja nao.

Wa tatu alikuwa Siwema. Alikuja pale akiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa na kumi na saba. Mikono yake ilijua mashina. Aliweza kushika shina gizani akakuambia limekatwa leo au jana. Lakini nje ya banda lile hakuwa na kwake. Asipopata kisu, angerudi kwa kaka yake upande wa pili wa mlima, achume chai kuanzia alfajiri mpaka jioni. Shemeji yake alikuwa ameshamtumia salamu kwamba kikapu chake kiko tayari. Siwema alikuwa ameona mikono ya wachuma chai: vidole vyeusi, ngozi ngumu kama ganda. Mikono kama ile haiwezi tena kusikia shina likisema.

Basi ndiyo maana, jana jua likizama, alipoingia kuchukua kamba akakuta maua yamelala benchini bila maji, alisimama akayatazama. Akasema moyoni, "Kesho Bibi atayakuta. Atajua ni Staajabu. Basi, mmoja atakuwa ametoka." Kisha akachukua kamba yake, akafunga mlango taratibu.

Usiku kucha hakulala vizuri. Alijiambia ni mbu. Kizangaze hakuna mbu.

Sasa turudi kwenye banda. Wasichana walikuwa bado wanatazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja, mara Bi Mwanakheri akaingia na birika la chai ya tangawizi. Akaona benchi. Akaweka birika chini.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Bibi," alisema Staajabu mara moja. Hata kama alikuwa na makosa mengi, uongo haukuwa mojawapo. "Nilisahau kuyasimamisha. Kulikuwa na ngoma."

"Ngoma ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, Bibi."

"Nashukuru. Angalau kuna kitu kilichokwenda vizuri." Bi Mwanakheri aliinua shina moja, akaitazama shingo yake iliyopinda, akapumua. "Nilishaahidi upinde. Na shangazi yake Mwanaamani ni Bi Tausi, mnamjua. Aliniambia, 'Mwanakheri, sitaki maua yaliyolala kwenye upinde kama wagonjwa. Nataka yainue shingo, yamchungulie bibi arusi wangu.' Nikamwambia hakuna shina linalofanya hivyo. Akaniambia, 'Basi lifundishe.' Na sasa sina hata yale ya kulala. Siwema, beba haya, wapelekee mbuzi."

Siwema aliyakumbatia maua. Kitu alichokitaka jana kilikuwa kinatokea leo, na wala hakikuwa na utamu.

"Bibi, ngoja kidogo," alisema Hoza.

Alikuwa amekaa pembeni muda wote, ameinama, anayatazama maua kama alivyokuwa akitazama mlango wa mzinga.

"Haya hayajapinda ovyo," alisema. "Yote yamepinda upande mmoja."

"Upande gani?"

"Juu."

"Juu si upande, Hoza. Juu ni juu."

"Ndiyo hilo ninalosema, Bibi. Nipe shina moja, unisubiri mpaka karibu na adhuhuri. Mbuzi hawatakufa kwa njaa."

Wakampa shina moja. Hoza akalilaza ukingoni mwa benchi, lakini sasa aligeuza shingo yake ikatazama chini. Kisha akakaa mbele yake. Hakunywa chai. Hakujikuna. Staajabu alimpungia mkono mbele ya macho, hakupepesa. Wasichana waliendelea kusuka duara la fito ambalo maua yangefungwa juu yake, bila kusemezana, kila mmoja akivuta kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jua lilipanda. Ukungu uliondoka. Na kabla ya adhuhuri Hoza akapiga kelele, birika likaanguka.

"Limegeuka! Njooni muone, limegeuka!"

Kweli, ile shingo iliyotazama chini ilikuwa imenyooka, na ncha yake imeanza kuinuka tena.

"Mnaona? Linatafuta juu!" Hoza alikuwa anacheka kama mtoto. "Ukililaza, linatafuta juu. Ukiligeuza, linatafuta juu tena. Hayakuharibika haya! Sisi ndio tulioyasimamisha kwenye ndoo miaka yote, tukawa tunayanyima kazi. Bibi, yafunge kwenye duara la fito huku shingo zikielekea hewani, na hayo ndiyo maua ya Bi Tausi yanayochungulia."

Bi Mwanakheri alitazama shina, akamtazama Hoza, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Miaka arobaini," alisema. "Miaka arobaini nimeyasimamisha."

Lakini furaha haikudumu, kwa sababu kulikuwa na jambo lingine. Shingo zilikuwa zimepinda zenyewe, ndiyo. Mwili wa shina, kutoka kati mpaka chini, ulikuwa bado umenyooka. Na duara la fito ni duara. Ukilifunga shina lililonyooka kwenye duara, linakatika pah! na kidole gumba cha Bi Tausi kinapata kazi. Bi Mwanakheri alijaribu shina moja. Vidole vyake vilivyokakamaa vikakataa, akaliacha kabla hajaliumiza.

"Siwema," alisema.

Siwema akaenda kuchemsha chai nyingine.

Hii ndiyo ilikuwa njia yake, na hakuna aliyemfundisha. Alikishika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili mpaka viganja vikapata joto. Kisha akalishika shina, vidole gumba viwili chini, vingine juu, akalisugua polepole kutoka kati kwenda mwisho, akalisugua tena, kama mtu anayemkanda mtoto aliyeumwa na tumbo. Halikukubali kwa mara ya kwanza. Wala ya pili. Mara ya tano lilianza kulegea. Hapo akavuta pumzi, akalipinda kidogo, akaacha, akalipinda kidogo tena. Kisha akalifunga kwenye fito kwa kamba ya mgomba, lisirudi.

Shina moja, kikombe kimoja, pumzi moja.

Staajabu alileta chai. Hoza alishika duara na kuonyesha shingo ielekee wapi. Siwema alipinda. Shina moja, kikombe kimoja, pumzi moja.

Kwenye shina la kumi na tisa alisikia "kik", sauti ndogo kama ya kucha. Wote waliganda. Siwema hakulivuta wala hakulirudisha. Alilishika hivyohivyo, akalipulizia pumzi yake ya moto, akalisubiri mpaka Staajabu akahisi naye kukosa hewa. Kisha shina likalegea, likaja. Siwema alipitisha kidole. Hakuna ufa.

Na hapo ndipo alipotambua jambo ambalo hakutaka kulitambua. Mashina haya yalikuwa malegevu kuliko yote aliyowahi kushika. Shina lililosimama kwenye ndoo limejaa maji, limekaza, linakatika upesi. Haya yalikuwa yamekaa usiku mzima bila maji, yakalainika, na ukungu wa mlimani ukayazuia yasife. Kama mtu yeyote angeyasimamisha jana jua likizama, leo hata mikono yake isingeweza. Alimtazama Staajabu, aliyekuwa anapuliza moto huku majivu yamemjaa kwenye nyusi, akataka kusema kitu. Badala yake akasema, "Chai imepoa."

"Na wewe umepoa," alijibu Staajabu. Lakini alileta nyingine.

Shina la arobaini lilifungwa adhana ya magharibi ikilia.

Ijumaa asubuhi upinde ulisimamishwa mlangoni kwa akina Mwanaamani. Bi Tausi alitoka. Alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda kanga mbili, na kidole gumba amekiosha kwa ndimu makusudi. Hakusalimia mtu. Aligusa shina la kwanza, la pili, la tatu. Bwana arusi, upande wa pili wa uwanja, alikuwa anatokwa na jasho mpaka kofia imelowa. Bi Tausi alifika shina la ishirini na saba, akasimama.

"Hapa kuna nini?"

Siwema alijipenyeza mbele ya watu atazame.

"Ni sisimizi, Shangazi," alisema Staajabu.

Bi Tausi aliinama, akatazama. Alikuwa sisimizi. Akampuliza, akaendelea. Ishirini na nane. Thelathini. Arobaini. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akautazama upinde wote. Mashina yalizunguka mlango kama mkono uliokumbatia, na kutoka pande zote shingo zilikuwa zimeinuka na maua yake mekundu, kama wanawake arobaini kwenye dirisha moja.

"Loo!" alisema Bi Tausi. "Yanachungulia kweli, mambea haya!"

Vigelegele vikapasuka. Mwanaamani akapita chini ya upinde akicheka mpaka wanja ukamwagika, na majirani, safari hii, wakaila pilau pamoja na wenye harusi.

Jumamosi ikafika. Punda wa Bi Mwanakheri alikuwa amefungwa mizigo nje. Mji mzima ulijaa sebuleni kwake na barazani, maana kila mtu alitaka kuona kisu kinakwenda kwa nani. Bi Mwanakheri alikaa na kisu magotini.

"Semeni," alisema. "Kila mtu aseme kwa nini ni chake. Msipigane."

Hoza alisimama kwanza. "Kisu ni changu, kwa sababu bila mimi upinde usingekuwepo. Maua yalikuwa yanakwenda kwa mbuzi. Wote mliona uharibifu, mimi nikaona kazi. Na upinde wa kesho na kesho kutwa utafanywaje? Kwa kusahau? Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini yanapinda. Nina miaka hamsini na miwili, jamani. Sina muda wa kwenda kuanza kitu cha tatu."

"Kweli!" walisema watu. "Kweli kabisa!"

"Lakini Baba Hoza hakupinda hata shina moja," alisema muuza maandazi. "Alikaa tu akatazama. Hata paka wangu anakaa akitazama."

Watu wakacheka. Staajabu akasimama.

"Kisu ni changu," alisema, "kwa sababu bila mimi upinde usingekuwepo. Baba Hoza, ungeona nini kama nisingeyalaza? Siwema, ungepinda nini kama yangekunywa maji usiku kucha? Najua nilisahau. Lakini miaka arobaini watu walikumbuka, na maua hayakuchungulia! Na nilipoulizwa ni nani, nilisema ni mimi kabla swali halijaisha. Kila mahali nimefukuzwa kwa makosa yangu. Hili moja limezaa kitu. Nalo mnataka kuninyang'anya?"

"Kweli!" walisema watu, wengine wakifuta machozi ya kucheka.

"Tukimpa kisu," alisema Bi Tausi, "mwakani atasahau nini? Atasahau harusi yenyewe. Tutarudi kwenye soksi!"

Siwema akasimama mwisho. Alikuwa amejifunza maneno yake tangu alfajiri.

"Kisu ni changu, kwa sababu bila mimi upinde usingekuwepo. Kulala hakupindi shina. Kujua hakupindi shina. Mikono ndiyo inayopinda. Mashina arobaini yamepita kwenye viganja hivi, na Bi Tausi hakukuta ufa hata mmoja."

"Isipokuwa sisimizi," alisema Bi Tausi, na kwa Bi Tausi hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sasa watu hawakusema tu kweli. Walisema, "Apewe! Siwema apewe!" Mtu mmoja alishaanza kupiga makofi. Bi Mwanakheri alikishika kisu kwenye ubapa wake, mpini ukielekea kwa Siwema. Lakini kabla hajakinyoosha akauliza, kama mtu anayefunga mlango kabla ya kusafiri, "Kuna jambo lingine mtu anataka kusema?"

Siwema alimtazama Staajabu. Staajabu alikuwa anajua. Alikuwa amesema mwenyewe, nilikuona na kamba mkononi. Neno moja tu, na mambo yangegeuka. Lakini Staajabu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na midomo ameibana kabisa, yeye ambaye hakuwahi kuibana midomo kwa jambo lolote.

Ule ukimya wa Staajabu ndio uliomshinda Siwema.

"Niliyaona," alisema.

"Uliona nini, mwanangu?"

"Maua. Jumatano jua likizama. Niliyakuta yamelala. Ningeweza kuyasimamisha, nisingechukua hata muda wa kumeza mate. Niliyaacha ili umkute Staajabu na kosa. Nilitaka atoke. Asubuhi nikamgombeza kana kwamba sijui. Sitaki kwenda kuchuma chai, Bibi. Ndiyo sababu. Basi."

Sebule ilivuma kama mzinga uliopigwa teke.

"Amejinyang'anya kisu mwenyewe!" alisema mmoja.

"Tena huyo ndiye apewe! Nani kati yenu angesema?"

"Angesema Alhamisi, ningempa kwa mikono yangu. Leo amesema kwa sababu ameona aibu."

"Aibu si kitu kizuri? Wewe unayo?"

"Mikono haijabadilika! Inapinda vilevile!"

"Na roho je, nayo inapinda?"

"Subirini," alisema muuza maandazi, akihesabu kwa vidole. "Staajabu alikosea bila kukusudia, wema ukatoka. Siwema alikusudia ubaya, wema ukatoka. Hoza hakukosea chochote, na wema wake umetoka kwenye makosa ya wenzake. Mimi nimechanganyikiwa, nipeni maji."

Staajabu alimsogelea Siwema, akamchapa begani kwa kanga. "Mjinga wewe," alimnong'oneza. "Ulikuwa umeshashinda." Kisha wakacheka wote wawili, Siwema huku analia, na hata Hoza akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema, mpeni mwenzangu. Kila mmoja alikuwa bado anakitaka kile kisu kwa moyo wake wote.

Wakabishana mpaka jua likafika utosini. Walioanza na Hoza wakahamia kwa Staajabu, wa Staajabu wakahamia kwa Siwema, wa Siwema wakarudi kwa Hoza. Bi Tausi alihama mara tatu na kila mara aliapa kwamba hajahama. Nje punda alianza kulia.

Bi Mwanakheri alijifunga mtandio, akawapita watu wote na kisu mkononi, akaenda mpaka mlangoni. Mguu mmoja ukiwa ndani na mmoja nje, akageuka, akawatazama wale watatu, kisha akawatazama wote waliokuwa wamekaa wakisikiliza.

"Njia ni ndefu na wajukuu hawajui kusubiri," alisema. "Mmoja aliyalaza bila kujua, mmoja akajua kwa nini, mmoja akayapinda na ubaya wake akausema mwenyewe. Mimi nimeshindwa. Basi nyinyi mliosikia yote tangu mwanzo, niambieni sasa hivi kabla sijautoa mguu huu wa pili: kisu nimpe nani?"